Ziacheni ngoma za nyuma za Mini

Kijana mmoja wa Tanga tunayekaa naye hapa Birmingham aliniita Jumapili: "Shikamoo mzee, njoo uone kitu." Akafungua buti ya Mini yake, gari dogo la Kiingereza lililotoka kiwandani Longbridge katikati ya miaka ya 1980. Ndani mlikuwa na boksi la diski za breki za nyuma na kalipa zake, vile vibanio vya kubana diski, nyekundu zinazong'aa. Muuzaji amemwambia breki za ngoma zilizotoka na gari, zile ambazo shuu (vipande vya kusugua) hukandamiza ngoma ya chuma kwa ndani, ni hatari, na kwamba anayejali roho yake huzing'oa mapema.

Nikapiga magoti kuangalia mbele. Mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta hadi kwenye magurudumu, imepasukapasuka. Mafuta ya breki yameshakuwa meusi. Kijana amelipa pesa nyingi kwa kitu ambacho gari halikihitaji, na kinachoweza kumuua hakuna aliyemtajia. Hasira yangu ni kwa waliomshauri.

Mini imebeba injini na giaboksi mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Likisimama tu, takriban asilimia 60 ya uzito iko mbele. Ukikanyaga breki, pua inainama na mkia unakuwa mwepesi zaidi, hadi tairi za nyuma zinagusa lami kijuujuu. Tairi iliyoelemewa na uzito mdogo haiwezi kupokea breki kubwa. Ukiilazimisha, inafunga, na tairi iliyofunga haishiki njia tena: nyuma inaserereka, inataka kutangulia mbele. Walioitengeneza Mini walilijua hilo, ndiyo maana waliweka vali ya kupunguza presha inayokwenda nyuma. Yaani kiwanda kilikuwa kinahangaika kuzipunguza nguvu breki za nyuma, na leo mtu anauziwa seti ya kuziongeza! Utafunga kalipa, halafu utatafuta vali nyingine ya kurekebisha presha, halafu pengine silinda kuu nyingine, ile ya kusukuma mafuta ukikanyaga pedali, kwa sababu kalipa hunywa mafuta mengi kuliko silinda ndogo ya ngoma. Mwisho wa gharama zote hizo gari litasimama palepale lilipokuwa linasimama, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na mbele.

Paddy Hopkirk alishinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1964 kwa Mini Cooper S. Timo Mäkinen akashinda 1965, Rauno Aaltonen 1967. Milima, theluji, barafu, kona za usiku: mbele diski, nyuma ngoma. Na Mini iliendelea kutoka kiwandani na ngoma za nyuma hadi ya mwisho kabisa mwaka 2000.

Sasa kwa nini watu wanaapa kwamba ngoma zao hazishiki? Kwa sababu hakuna anayezigusa. Nyuma ya bamba la chuma linalobeba shuu kwenye kila gurudumu la nyuma kuna kichwa kidogo cha mraba, ndicho cha kusogeza shuu karibu na ngoma kadiri zinavyolika. Kinakaa kwenye matope na chumvi ya barabara za Uingereza, kinashika kutu. Fundi mvivu anakibana kwa koleo hadi pembe zinalika, kisha anakiacha. Shuu zinabaki mbali, pedali inazama, hendibreki inavutwa hadi juu na gari bado linateleza mlimani. Huko chini pia kuna vile vipande ambavyo kebo ya hendibreki hupitia kwenye mikono inayobeba magurudumu ya nyuma. Navyo vikikosa grisi vinaganda. Mwenye gari anahitimisha kwamba ngoma ni mbovu. Hapana! Vifungue, visafishe, paka grisi ya shaba, badilisha kilichokwisha, rekebisha pande zote mbili. Ngoma iliyorekebishwa inajisaidia yenyewe: gurudumu likitaka kuzunguka, linaivuta shuu moja ijikaze zaidi. Ndiyo sababu hendibreki ya ngoma inashikilia vizuri sana kwenye mteremko, na hapo ndipo seti nyingi za diski za nyuma zinaposhindwa.

Nakubali, diski hukauka haraka baada ya kupita kwenye maji, na pedi, vipande vya kusugua diski, ni rahisi kubadilisha. Aliyeweka injini ya Honda kwenye Mini na tairi pana za mashindano, ana hesabu nyingine, aifanye na fundi wake. Kijana wetu anaendesha kwenda kazini.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hapa Uingereza, tangu 2018, gari likishatimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki tena kupimwa kila mwaka. Hakuna mkaguzi atakayeiona mipira ile. Macho pekee yaliyobaki ni ya mwenye gari na ya anayemshauri, na anayemshauri alikuwa na boksi la kuuza.

Mdogo wangu, kama unasoma: rudisha boksi hilo kabla muda wa kurudishiwa pesa haujapita. Nunua mipira minne mipya, miwili ya mbele na miwili ya nyuma. Nunua mafuta mapya ya breki, na uwe unayabadilisha kila miaka miwili maana yanafyonza unyevu hewani. Nunua pedi nzuri za mbele, shuu mpya za nyuma na silinda zake ndogo. Chenji itabaki. Mpaka hapo usiliendeshe. Jumamosi nakuja na spana ya kile kichwa cha mraba.