Mwalimu mwenyewe anakuja saa ngapi?

Jumatano iliyopita niliwahi kufika, nikapanga viti duara, nikachemsha maji, nikatoa biskuti. Kijana mgeni akaingia, akanitazama, akauliza kwa adabu zote: mwalimu mwenyewe anakuja saa ngapi? Nikamwambia keshafika, ndiye huyu anayekutilia sukari.

Nilicheka. Usiku sikucheka.

Huu ni mwaka wangu wa 2 kuongoza kikundi cha maongezi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa kigeni hapa kaskazini mwa Uingereza. Wachina, Wajapani, Wakorea, na Msaudi mmoja mwenye mzaha usioisha. Mimi ni mtoto wa Mwanza, wa shule zile za kuvishwa kibao shingoni ukibambwa unaongea Kiswahili.

Sasa sikieni. Binti wa Kichina aliuliza kwa nini tunasema "the Indian Ocean" halafu Lake Victoria tunaiacha bila "the". Lugha yake haina kidudu hicho, yetu pia haina. Mwenzangu tunayejitolea naye, mzaliwa wa hapahapa, akajikuna kichwa: "Ndivyo inavyosikika vizuri tu." Basi. Hilo ndilo jibu la mwenye lugha! Mimi nikachora ubaoni: bahari, mito na safu za milima zinapewa, ziwa moja na mlima mmoja havipewi. Nile inayo, Usambara inayo, Kilimanjaro haina. Sikulipata kwenye maziwa ya mama. Nilichapwa fimbo kidato cha pili kwa kukosea ziwa ambalo nikitoka nje kwetu naliona. Aliyejikwaa hapo anajua jiwe liko wapi. Mwenzangu hata hajui kama kuna jiwe.

Na Mjapani akichanganya r na l simcheki. Kwetu nina wajomba wanaokwenda kupiga kula.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande: utani wa Waingereza nusu unanipita, na wakianza kukumbushana vipindi vya televisheni vya utotoni nabaki kutabasamu kama mgeni msibani. Hayo muulizeni mwenzangu.

Kijana nimemsamehe, kwa sababu serikali ya hapa nayo inaniuliza swali lilelile. Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi za wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo mtu aliyesoma hesabu, baiolojia na jiografia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza alilipia IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kama kila mtu. Matokeo yenyewe yanahesabika kwa miaka 2 tu, kama vile Kiingereza ni dawa ya kikohozi, kinaisha muda kabatini.

Jana kijana karudi. Kanisaidia kupanga viti, kala biskuti 4, kisha akauliza kama yule mwenzangu atakuja leo. Nikamwambia ana mafua.

Akakaa.