Kabla Hamjaamini Kwamba Nilipigwa na Ndege

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameshatangaza katika kundi letu la WhatsApp kwamba nimeangushwa kwa nokauti na kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, naomba na mimi nisikilizwe kabla suruali haijakauka kambani. Ndege hakunigusa. Hilo liandikwe kwanza.

Mnaonifuata hapa mmenivumilia majuma sita nikiwahubiria ujasiri wa ulingoni. Kocha wetu, afande mstaafu ambaye Kiswahili chake cha kambini hakina neno "tafadhali", hutufundisha kutofumba macho konde linapokuja, kutoa pumzi badala ya kuibana, na kumtazama mpinzani kifuani, kwa sababu macho hudanganya. Lipo na jambo jingine, kwamba usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka bali utoke kwa pembeni, lakini hilo huwa analisema wakati mimi nakunywa maji. Hayo niliyoyasikia nimeyatumia kila mahali. Bosi akifoka, natoa pumzi. Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi nilimtazama kifuani kwa utulivu mkubwa, mpaka akaniuliza kama shati lake lina doa.

Jana saa nne asubuhi, nikitoka mazoezini, nilisimama Wandegeya kwa kijana wa roleksi, ile chapati inayoviringishiwa mayai ya kukaanga, nikaagiza ya mayai mawili, nikaipokea katika karatasi ingali ya moto. Hapo ndipo kaloli aliposhuka kutoka juu ya nguzo ya taa na kutua hatua tatu mbele yangu. Aliyekaa Kampala anamjua: upara wenye vinywele viwili vitatu, kifuko kinachoning'inia shingoni kama tai ya afisa aliyechoka, na miguu iliyopauka kwa kinyesi anachojinyia mwenyewe ili apoe. Mtu mwenye akili humwambia "shii" akaendelea na safari yake. Mimi nikachukua kinga.

Roleksi niliiweka mkono wa kulia, chini ya kidevu. Mkono wa kushoto nikautanguliza. Kaloli mkubwa hafiki hata kilo 10, nami nina 78, kwa hiyo hakuna mwamuzi ambaye angeliruhusu pambano hilo, na nakiri kwamba jambo hilo lilinipa moyo. Nikamtazama kifuani. Kumbe kifua cha kaloli hakisemi kitu, maneno yake yote yako mdomoni. Akapiga hatua moja. Nikatoa pumzi. Akapiga ya pili, bila haraka, kama karani anayekuja kuulizia risiti. Sikufumba macho, wallahi sikufumba. Ndipo alipougonganisha ule mdomo wake, ta-ta-ta-ta, ubao kwa ubao, na miguu yangu ikakata shauri bila kunishirikisha: ikarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, kwa mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya jiji hili.

Kisigino kikagonga kitu, magoti yakakunjika, nikakaa. Nilikaa polepole, kama mzee anayekaribishwa barazani, na chini yangu nikasikia mlio mdogo mdogo, mwingi, ambao sikuuelewa mpaka ubaridi ulipopenya suruali. Ilikuwa trei ya mayai 30, ambayo kijana ndiyo kwanza alikuwa ameipokea na kuiweka juu ya kreti.

Vijana wa bodaboda wa steji ya jirani wakaanza kuhesabu kwa sauti moja. Moja! Mbili! Sasa, katika ngumi za ridhaa, ukiangushwa hata ukainuka kwenye mbili, mwamuzi huendelea kukuhesabia mpaka nane. Nami kanuni hiyo naijua, kwa hiyo nilisubiri. Walipofika nane niliinuka, kiini kikinichuruzika mapajani, mkono wa kulia ungali chini ya kidevu. Ulikuwa mtupu. Roleksi ilishaanguka, na kaloli alishaimeza pamoja na karatasi.

Kocha hupenda kutukumbusha kwamba bondia John Mugabi, aliyeiletea Uganda medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisimama mbele ya Marvin Hagler, bingwa wa dunia, mwaka 1986 mpaka raundi ya 11. Mimi na ndege hatukumaliza dakika.

Mengine ni mafupi. Nililipia trei nzima, pamoja na mayai matano yaliyosalimika. Bodaboda wa kwanza alikataa kunipakia, wa pili akatandika gunia. Huyo rafiki yangu, kumbe, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, simu mkononi.

Leo kocha ameniuliza swali moja tu: "Ulirudi vipi?" Nikamwambia. Hakucheka, na afadhali angecheka. Kuanzia Jumatatu nitazunguka kiti cha plastiki kwa raundi sita za dakika 3, nikitoka kushoto na kulia, bila kurudi nyuma hata mara moja. Wenzangu wameshakichorea kiti hicho mdomo.