Mzee anatoa nasaha, sisi tunasikia ngoma tu

Fungua video yoyote ya send-off. Herufi za dhahabu zinazunguka, droni inapaa, picha inapasuka kama kioo, mioyo inadondoka. Kisha baba wa bibi harusi anashika maiki kumuusia mwanawe, na sauti yake inazama chini ya Bongo Fleva. Mzee analia, sisi tunasikia besi. Halafu aliyeihariri anafungua darasa, na somo la kwanza ni "transisheni kumi kali", yaani madoido ya kuvusha picha moja kwenda nyingine. Hongera, mwalimu!

Somo la kwanza ni sauti. Panga klipu kwenye taimlaini, ule mstari wa kuhariria, zima muziki wote, vaa hedifoni. Vilele vya sauti ya msemaji vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga sifuri, yaani kikomo cha juu, tangu kurekodi, sauti imeshapasuka, na kuishusha baadaye kunakupa mpasuko wa chinichini tu. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80: mvumo wa jenereta utapungua, ingawa hautaisha, maana mwingine umekaa kwenye 100 na 150. Hapo ndipo urudishe muziki, kwenye desibeli -25 au chini zaidi mtu anapoongea, uanze kuushusha nusu sekunde kabla ya neno lake la kwanza. Na sekunde 30 za ukumbi mtupu, bila anayeongea, zirekodiwe. Ukikata "eeeh" za MC bila kuziba pengo kwa sauti hiyo, mtazamaji atadhani umeme umekatika.

Umepiga kwa simu na maiki ya pembeni? Makofi ya mwanzo yatalingana vizuri, ila dakika ya kumi midomo na maneno vimeachana. Usihangaike kusogeza klipu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde, hasa mwanga ukipungua. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, kwanza, chagua idadi isiyobadilika, 25 au 30 kulingana na ulivyopiga, ndipo uanze kukata.

Hizo transisheni nazo, sauti yenyewe inaweza kuzifanya. Vigelegele visikike fremu 10 hivi kabla hatujawaona mashangazi. Jicho litavuka lenyewe, wala hakuna atakayeuliza mioyo iko wapi.

Haya, mteja analipa na mteja anataka mioyo. Mpe mmoja, kwenye pete.

Rangi: sawazisha mwanga na weupe wa shela kabla ya kubandika filta. Faili: nakala mbili, diski mbili, na usifute kadi kabla mteja hajapokea kazi yake.

Kabla ya kukabidhi, isikilize kazi nzima kwenye spika ya simu ya bei rahisi. Bibi yake bwana harusi ataitazama humo humo, imetumwa WhatsApp, na anachotaka kusikia ni wosia wa mzee.