Wale Wazazi Tuliowaruka

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu kumi sebuleni kwa mwenyeji wetu pale Section 58, mtaa wa hapa Nakuru. Chupa mbili za chai, sinia la mandazi, na nakala nne za Shetani Msalabani, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambazo tumekuwa tukipokezana tangu mwezi jana. Moja haina jalada. Nyingine imejaa wino mwekundu wa mwanafunzi fulani wa zamani aliyekuwa akiwinda maudhui na tamathali za usemi. Nilidhani tungezungumza saa moja, saa moja na nusu, kisha kila mtu ashike njia yake. Tuliachana saa mbili usiku, wawili kati yetu hawasemezani, nami nikapanda matatu ya Free Area maneno yamenikwama kooni. Nayatoa hapa.

Kilichotugawa ni kicheko.

Mzee mmoja mstaafu wa reli alisema ni miaka mingi hajacheka namna ile. Alikuwa amefika kwenye pango la Ilmorog, yale mashindano ya wezi na wanyang'anyi, wajumbe wa nchi za kigeni wamekaa mbele, na mmoja baada ya mwingine anapanda jukwaani kujigamba ameiba nini, ana magari gani, ana wake na vimada wangapi. Alipofika kwa yule mwizi mdogo anayetolewa mbio kwa sababu yeye huiba akiwa na njaa tu, mzee alivua miwani akapangusa macho. Mama mmoja wa Lanet, shemasi kanisani kwake, akaweka kikombe chini.

"Baba, unacheka nini? Msichana anataka kujitupa relini, hapa hapa Nakuru, wewe unacheka?"

Mzee akamjibu kwa upole kwamba njia ile ya reli anaijua kuliko yeyote aliyekuwa sebuleni mle. Akasema ndiyo, kwenye pango alicheka, na alipofika kwa Wariinga, msichana huyo wa relini, alikifunga kitabu siku mbili.

Hapo kambi zikajipanga. Kuna waliosema riwaya inayochekesha juu ya maumivu ya watu inawakosea adabu wenye maumivu. Kuna waliosema bila kicheko hakuna ambaye angevumilia kuisoma mpaka mwisho. Kijana mmoja wa Kaptembwa, fundi wa simu, hakujiunga na upande wowote. Alisema wahusika wanahutubia mno, hakuna mtu anayeongea kurasa tatu ndani ya matatu bila abiria kumkatiza, na hata kondakta angemwambia ashuke.

Huyo kijana ana haki, na ninakubali shingo upande. Muturi, yule mfanyakazi wa riwayani, ana hotuba ambazo ningezipunguza nusu. Lakini yafaa tukumbuke kitabu kile kiliandikwa kwa masikio ya nani. Ngũgĩ alikiandika kwa Kikuyu, kizuizini Kamiti, mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Kilipotoka mwaka 1980 watu walisomeana nyumbani jioni, ndani ya matatu na vilabuni. Mwenyewe alisimulia kwamba kulizuka wasomaji wa vilabuni, watu waliosoma kwa sauti wakinunuliwa bia, na mahali patamu pakifika na glasi ikiwa tupu, msomaji anakiweka kitabu chini mpaka glasi ijazwe. Hotuba ndefu kilabuni, katikati ya wanywaji wanaoitikia na kupinga, ni kitu kingine kabisa na hotuba ndefu unayoisoma peke yako kitandani.

Tulikichagua kwa sababu ya msiba, nisiwafiche. Tangu Ngũgĩ afariki Mei 2025 tumekuwa tukioneana haya kwamba wengi wetu tulimsoma kwa ajili ya mtihani tu.

Sasa nifike nilikotaka kufika. Kwa saa tatu nzima tulijadili wezi. Nani ni nani siku hizi, tajiri gani anafanana na Gitutu, mmoja wa wezi wa pangoni, mwanasiasa gani angeshinda taji lile. Kila mtu alikuwa na jina, na kila jina lilikuwa la mtu wa mbali, mtu wa Nairobi, mtu wa msafara wa magari. Nilitazama saa, nikaona jioni inaisha na hakuna aliyemtaja Kihaahu. Nilipomtaja mimi, wakacheka kidogo, wakasema "ah, yule wa chekechea," wakarudi kwa wanasiasa.

Yule wa chekechea ndiye kitabu chote kwangu.

Kihaahu wa Gatheeca anasimama pale pangoni na kueleza alivyoanza kutajirika. Alifungua shule ya watoto wadogo, akaweka walimu Waafrika, akatangaza mafunzo ya kwetu. Wateja hawakuja. Akakaa akawaza, akagundua kosa lake, akabadilisha tangazo: mwalimu mkuu Mzungu mwenye tajriba, shule iliyokuwa ya Wazungu watupu, lugha za kigeni, nyimbo za kigeni, nafasi chache, karo ya juu. Akamtafuta bibi mmoja wa Kizungu, mkongwe, ambaye kuona ni kwa shida na kusikia ni kwa shida, akamkalisha ofisini. Kisha akanunua sanamu za plastiki za watoto wa Kizungu, akazivika nguo za bei, akazitia nywele nyekundu za bandia, akazifungia umeme zitembee. Wazazi wakichungulia wanaona watoto wa Kizungu wakicheza. Wakamiminika na pesa mkononi.

Mzee wa reli alicheka hapo. Nami nilicheka nilipokuwa naisoma, peke yangu, usiku. Kisha nikanyamaza, kwa sababu swali lilinijia ghafla: Kihaahu aliiba nini hapo? Hakuvunja mlango. Hakughushi hati ya shamba. Hakumtishia mtu. Alisikiliza tu wazazi wanataka nini, akawauzia. Shule ya kwanza ilikuwepo, milango wazi, walimu tayari. Ni wao waliopita wakaiacha.

Mwaka 2019 nilikuwa natafuta shule ya PP1, darasa la kwanza la chekechea, kwa binti yangu. Nilipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shule ya serikali, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Mwalimu aliyepokea alinisalimia kwa Kiswahili, akaniuliza jina la mtoto, kama amemaliza chanjo, kama kuna shida yoyote ya macho au masikio, kama amezoea kuachwa na watu wasio mama yake. Ya pili ilikuwa ya akademi moja. Msichana alijibu kwa Kiingereza cha puani, laini, cha kuteleza. Jina la mtoto hakuliuliza. Aliniambia karo, sare za aina tatu, ada ya basi, na kwamba nafasi zimebaki mbili.

Nililipa siku hiyo hiyo, kwa simu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki.

Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi tangu nisome habari za Kihaahu. Mwalimu wa kwanza alimuulizia mwanangu. Wa pili aliuliza mfuko wangu. Na mimi, mwenye akili zangu, mhasibu ninayekagua risiti za watu mchana kutwa, nilimchagua wa pili kwa sababu ya sauti.

Miaka mitatu baadaye tulikwenda Malava kumwona mama yangu. Binti yangu akaingia jikoni, kukhu wake, bibi yake, yuko mekoni, akaomba maji kwa Kiingereza. Mama akaniangalia. Mtoto akarudia, polepole zaidi, akidhani tatizo ni masikio ya bibi. Mama akampa maji, akampapasa kichwa, akangoja atoke, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Huyu mgeni umeniletea atakaa nami siku ngapi, na tutaongea nini?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina jibu zuri.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Shuleni kwetu, huko huko upande wa Kakamega, nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiluhya uwanjani. Kilikuwa kipande cha mbao na kamba ya katani. Unakivaa mpaka umnase mwenzako akiteleza, umkabidhi. Nilijifunza kuwapeleleza marafiki zangu nikiwa na miaka minane. Nilipokua nilikilaani kibao kile, nikaapa mtoto wangu hatakivaa. Hakukivaa kweli. Nilimlipia karo asiwe na lugha ya kumfanya akivae.

Yule mama wa Lanet aliponisikia nikianza haya alinikata. "Mwenzangu, usitupakazie hatia. Shule ya serikali ina watoto themanini kwa darasa. Ungefanya nini? Umwache mtoto akae sakafuni?" Na hapo pia nakubali, kwa uzito wake. Serikali ilipofuta karo ya msingi Januari 2003, watoto walifurika, na ilikuwa haki yao kufurika. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84, na hakuna Mkenya aliyemwona asiguswe. Lakini madarasa na walimu havikufurika pamoja nao. Mzazi anayemtoa mtoto kwenye msongamano huo simlaumu. Akiuza mbuzi alipie karo, simlaumu.

Ila mama, warudie wazazi wa Kihaahu. Wao hawakukimbia msongamano. Shule ya kwanza haikuwa imejaa, ilikuwa tupu! Walimkimbia mwalimu mwenye sura yao. Hilo ndilo Ngũgĩ alilotuwekea mezani, na ndilo tulilolipitia tukilichekea kwa sekunde kumi ili turudi kwa wanasiasa, maana mwanasiasa hatumjui na hatujui anakokaa, bali mzazi yule tumemkalisha kochi moja nasi na anakula mandazi yetu.

Kijana wa Kaptembwa alisema kitabu kimezeeka, mambo yamebadilika. Nilimwomba jambo moja, nakuomba nawe msomaji wa hapa mjini: kesho ukitoka kazini, panda matatu ukae dirishani. Tazama kuta za chekechea unazopita. Tazama watoto waliochorwa pale na rangi za mafuta, wanaokimbia na mipira na vitabu. Hesabu wangapi wana nywele za singa na mashavu ya waridi. Nilihesabu mimi Jumatatu. Kati ya kuta tano, tatu hazikuwa na mtoto hata mmoja anayefanana na mtoto wa Nakuru. Sanamu za Kihaahu zilihitaji umeme. Hizi hazihitaji chochote.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kicheko kinawakosea adabu wenye maumivu. Kama Ngũgĩ angeniandikia kwa uchungu mtupu habari za mama aliyemnyang'anya binti yake lugha ya bibi yake, ningelia, ningejihurumia, ningelala. Alinichekesha kwanza. Nikafungua mdomo wazi, na dawa ikaingia.

Mengine tuliyobishania nitayapita. Mwisho wa Wariinga na bastola yake: mimi namwelewa, zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu kuna wenzetu hawajafika. Ule mfano wa talanta unaogeuzwa kuwa wimbo wa wenye mali: shemasi wetu amechukizwa, na sidhani alikuwa na budi. Wangari, aliyepigania nchi hii, akaja na polisi pangoni awakamatishe wezi, akakamatwa yeye: huyo anahitaji Jumamosi yake peke yake.

Nimempigia simu mama wa Lanet jana, maana yeye ni mmoja wa wale wawili wasiosemezana na mwingine ni mimi. Hatukutajana Kihaahu mwanzoni. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Wake yuko gredi ya tano, wangu gredi ya sita. Kisha akanyamaza kidogo, akasema bado anaona nimekuwa mkali, na kwamba usiku ule alipofika nyumbani alimwita kijana wake akamuuliza "kesho" na "juzi" kwa Kitaita cha baba yake. Hakujua hata moja.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi ijayo hatutaanza na majina ya wanasiasa. Nitakuja na nakala ile isiyo na jalada, kurasa za Kihaahu nimezikunja pembe, nami nitazisoma kwa sauti kama walivyosoma wale wa vilabuni. Nikifika pale wazazi wanapochungulia, nitakiweka kitabu chini. Chai atamimina yeye.