Nimechangishwa Ndege ya Kivita

Leo asubuhi nimechangishwa ndege ya kivita. Narudia msije mkadhani macho yenu yana shida: ndege ya kivita, ile yenye mkia wa moto. Mchango wa harusi ya mtoto wa jirani sijamalizia. Wa msiba wa Nkuhungu nimeukimbia, Mungu anisamehe. Wa kisima cha mtaa tulianza kuchanga kikiwa wazo na mpaka leo ni wazo. Halafu mtu mzima anafungua kaunta buku kijiweni, hapa Majengo, Dodoma, mbele za watu, anauliza: "Mzee, wewe nikuandikie ngapi?"

Mwenye kaunta buku ni yule tunayemwita Mheshimiwa. Aliwahi kugombea udiwani akapata kura kumi na moja, na mpaka leo anawatafuta wale kumi. Bunge likianza vikao vya bajeti naye huanza vya kwake, bila posho. Safari hii alikuwa na video kwenye simu: F-35, ndege ya kivita ya Kimarekani, imesimama angani kimya, haiendi mbele wala nyuma, kama kunguru anayevizia dagaa.

Hesabu yake ilikuwa imeshapigwa. Ndege dola milioni 80. Dola moja tuseme shilingi 2,500, jumla bilioni 200. Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 61.7. Gawanya: shilingi 3,240 kila kichwa, vichanga ndani. "Elfu tatu na mia mbili!" akapiga goti. "Kilo ya mchele! Taifa linashindwa kilo ya mchele?" Kijiwe kizima kikaguna kwa kukubali, hata yule ambaye kahawa anakunywa kwa mkopo.

Mimi ni mtu wa heshima. Nikiwa na kikombe mkononi sipayuki. Nikamwambia taratibu kwamba kwanza, hiyo inayosimama angani ni F-35B, na bei yake inapita milioni 100. Ya milioni 80 na ushee ni F-35A, nayo inataka barabara ya kurukia kama ndege nyingine. Pili, hiyo ni bei ya ndege kavu.

"Kavu vipi?"

Kavu, Mheshimiwa. Imetoka kiwandani na injini yake, basi. Hakuna kombora, hakuna spea, hakuna vifaa vya gereji, rubani hajafundishwa, fundi hajafundishwa. Mwaka 2019 Bulgaria walisaini F-16 mpya nane za Kimarekani kwa dola bilioni 1.25, pamoja na hayo makorokoro. Gawa kwa nane: milioni 156 kila moja. Brazil mwaka 2014 walichukua Gripen 36 za Uswidi kwa takriban dola bilioni 5.4, wao na teknolojia ya kuziunganisha kwao. Milioni 150 kila moja. Ndiyo maana kila ukisoma bei ya ndege ileile unakuta namba mbili zisizosalimiana: mmoja ametaja ndege, mwenzake ametaja ndege na mahari.

Mheshimiwa akafuta 3,240, akaandika 6,300. Hakukunja uso. Mtu wa kamati za harusi amezoea bajeti kupanda baada ya kadi kuchapwa.

Hapo akaingia fundi wa Noah, mikono bado ina grisi. "Mkubwa, injini inashushwa baada ya kilomita ngapi?"

Swali la kiume. Ndege haihesabiwi kilomita, inahesabiwa saa. AL-31F, injini ya Su-30 ya Warusi, inashushwa kila baada ya saa 1,000 hivi, na haishushwi chini ya mwembe. Inafungwa kwenye kasha inapelekwa kwa wenyewe au kwa waliopewa leseni. Mwili nao una saa zake. F-16 za zamani zilibuniwa kwa saa 8,000, toleo la sasa, Block 70, kwa 12,000. Zikiisha zimeisha, hata kama rangi inang'aa na umeninginiza tasbihi kwenye kioo. Na kwa kila saa moja ya kuruka, mafundi wanamaliza saa zaidi ya kumi za kazi chini.

"Kwa hiyo ikiwa gereji, nchi haina ndege," akasema fundi.

Fundi ana akili kuliko wengi wanaovaa tai. Ukitaka ndege moja iwe tayari kila wakati nunua nne: moja inafunguliwa, moja inasubiri spea, moja inafundishia, moja ndiyo hiyo unayojivunia. Mheshimiwa akazidisha kwa nne: 25,200. Baba wa watoto saba aliyekuwa pembeni akazidisha kwa tisa, akahama benchi.

Mafuta sasa. Tangi la ndani la F-16 linabeba kama kilo 3,200, sawa na lita 4,000. Yaani matangi manne ya plastiki ya lita elfu moja, yale tuliyoyapandisha juu ya minara uani tukisubiri maji ya mgao. Rubani akiendesha kistaarabu yatamfikisha mbali. Akiwasha ule mkia wa moto Mheshimiwa anaoupenda, karibu na ardhi, matangi yote manne yanakauka chini ya dakika kumi. Bodaboda mmoja aliyekuwa anaweka mafuta ya elfu mbili kwa chupa akatazama chupa yake kwa huruma.

Nikasema tusiishie kwenye mafuta, tutaje saa moja ya kuruka na gharama zake zote: F-35, kwa Wamarekani wenyewe walioitengeneza, ni zaidi ya dola 30,000. Milioni 75 za kwetu. Saa moja! IST tano zimepaa na hazirudi. Na rubani huwezi kumfungia ndani ukamtoa siku ya sherehe. Kipimo cha nchi za NATO ni saa 180 hivi kwa mwaka kwa kila rubani. Ukimpunguzia sana anakuwa abiria mwenye kofia nzuri. Weka marubani sita, ni saa 1,080, ni dola milioni 32 na ushee. Karibu shilingi 1,300 kila Mtanzania, kila mwaka, kwa miaka 30. Wamarekani wakaguzi wao waliwapigia hesabu mwaka 2024: kuzitunza F-35 zao mpaka zistaafu ni zaidi ya dola trilioni 1.5. Kununua ndiyo sehemu ndogo.

"Tutakuwa tunairusha mara mojamoja," akasema Mheshimiwa.

Mara mojamoja! Bwana wewe, kiti cha rubani chenyewe kinaisha muda kama maziwa ya pakiti! Kile kiti kinachomrusha nje ndege ikiharibika kinafanya kazi kwa baruti, na zile baruti zina tarehe. Tarehe ikifika zinabadilishwa hata kama hazijawahi kulipuka, na usipobadilisha ndege haipai. Mipira ya kuzibia mafuta inakauka ikikaa. Kombora nalo lina tarehe yake, na AIM-120 moja ni kama dola milioni moja. Bilioni mbili na nusu, ukikosa shabaha hulifuati porini kama mshale!

Nilikuwa nimeshasimama. Kahawa imenimwagikia. Heshima nayo sijui ilidondokea wapi.

Na vumbi je? Mmeliona vumbi la Dodoma mwezi wa nane, pepo zile zinazozunguka na mifuko ya rambo mpaka juu ya minara ya simu? F-16 mdomo wake wa kuvutia hewa uko chini ya tumbo, karibu na lami, unafyonza kama ufagio wa umeme. Kokoto moja ikiingia inakata mapanga ya injini, hasara ni mamilioni ya dola. Ndiyo maana kwenye kambi za ndege askari wanajipanga bega kwa bega wanatembea barabara nzima ya kurukia wakiokota vijiwe, skrubu, vifuniko vya chupa. Warusi walilifikiria: MiG-29 ikiwa inakimbia chini hufunga midomo yake kwa milango na kuvuta hewa kupitia matundu ya juu ya bawa. Ila kitu kizuri hakikosi ila. Milango ina uzito, inakula nafasi ya mafuta. Halafu sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na jua la saa nane ni hili mnalolijua. Hewa nyepesi, injini inapungua nguvu, ndege inataka kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, au ipunguziwe mzigo. Msalato wameweka mita 3,600, lakini ule ni uwanja wa abiria, si wa Mheshimiwa kupigia honi.

Akajaribu mtumba. "Basi tuchukue ya mtumba." Hapa Dodoma sentensi hiyo inachanganya: wawili walidhani ndege imeegeshwa Mtumba, Mji wa Serikali. Mtumba upo. Argentina mwaka 2024 walinunua F-16 ishirini na nne zilizotumika Denmark kwa dola milioni 300 hivi. Rahisi, eh? Ukiweka silaha, mafunzo na huduma bili ikapita milioni 600. Kisha ndege zao za kujazia wenzao mafuta angani zinatumia bomba la kuburuta, na F-16 inataka mkono mgumu unaochomekwa mgongoni. Ni kama kununua jiko la gesi ukakuta kichwa hakiingii kwenye mtungi wako.

Swali la ruhusa nililigusa tu. Gripen ni ya Uswidi ila injini ya Marekani, kwa hiyo unalipa kwa mmoja na kuomba idhini kwa wawili.

"Mbona Uganda wanazo?" Hili alikuwa amelificha kama karata ya mwisho. Wanazo, Su-30 sita, walizoanza kupokea mwaka 2011 kwenye mkataba wa dola milioni 740 na silaha zake. Gawa mwenyewe, kalamu unayo. Na Afrika Kusini wanazo Gripen 26. Mwaka 2013 karibu nusu zilikuwa stoo kwa kukosa fedha za kuzirusha. Mwaka 2021 mkataba wa matengenezo uliisha bila mwingine, na kwa karibu mwaka mzima haikuruka hata moja. Afrika Kusini hiyo, yenye migodi yake.

Waswisi ndio walinichekesha, nikamsimulia ili apoe. Februari 2014 rubani msaidizi aliiteka ndege ya abiria iliyotoka Addis Ababa akaipeleka Geneva. Ndege za kivita za Italia na Ufaransa zikaisindikiza. Za Uswisi wenyewe hazikuruka, kwa sababu kikosi kilikuwa zamu saa za kazi tu: saa mbili asubuhi mpaka saa sita, mapumziko ya mchana, kisha saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja jioni. Ndege ilikuja alfajiri. Wafanyakazi wawili wa wizara waliokuwa wanapata kahawa kabla ya basi la Mtumba wakatazamana kwa upendo. Walikuwa hawajui kwamba wana ndugu Ulaya. Miezi mitatu baadaye wananchi wakapigia kura ununuzi wa Gripen 22, asilimia 53.4 wakakataa. Mwaka 2020 wakaulizwa tena, ndiyo ikapita kwa asilimia 50.1, wakachagua F-35 thelathini na sita kwa bei waliyoambiwa haibadiliki. Mwaka 2025 Mmarekani akasema kuna kutoelewana kidogo: ongezeni kati ya faranga milioni 650 na bilioni 1.3. Fundi wa Noah akainamisha kichwa. Lugha hiyo anaijua, anaitumia.

Nikamtajia ndege ya akili: Super Tucano, ndege ndogo ya kivita ya Brazil. Nigeria walipokea 12 mwaka 2021, karibu dola milioni 500 zote na vikorombwezo. Injini yake ni ya ukoo wa PT6, ukoo uleule wa zile Caravan zinazopeleka watalii Serengeti, kwa hiyo fundi hatoki mwezini. Haikimbii, haitishi, lakini inakaa angani saa nyingi ikitazama mipaka, na kwa kupambana na majambazi wa porini hiyo ndiyo kazi.

"Ina pangaboi mbele?" akauliza bodaboda.

Ina pangaboi mbele.

"Aaah." Kijiwe kizima: aaah. Hawataki. Wanataka moto nyuma.

Mzee wa kahawa, ambaye muda wote anapuliza mkaa, akauliza jambo moja tu: "Kwani ile chenji ya rada ilifikaga?" Kimya. Rada tuliyouziwa na Waingereza mwaka 2001, pauni milioni 28, na baada ya kesi Waingereza wakarudisha pauni milioni 29.5 za vitabu na madawati. Labda ndiyo biashara pekee ya kijeshi duniani ambayo chenji ilizidi noti. Mheshimiwa akafunga kaunta buku, akafungua ukurasa wa mwisho kutafuta pa kuandika "imeahirishwa," na hapo mzee wa kahawa akaona jina lake mwenyewe kwenye madeni ya Mheshimiwa: vikombe kumi na vinne, tangu Idi.

Sikukaa kuona malipo. Kashata nayo siku hizi, sijui wanaikata kwa wembe. Ya mia mbili ukiiweka ulimini inayeyuka kabla hujajua ni ya karanga au ya nazi. Na nina haraka. Mwenye boza alisema ananiletea maji saa nne. Sasa ni saa saba, ndoo zimepangwa mpaka barabarani, simu inaita hapokei, na mtoto amenitumia ujumbe kwamba limepita boza limeingia kwa jirani. Yule wa harusi.