Uso kama ufunguo wa benki: swali ni unahifadhiwa wapi

Namba ya siri ya tarakimu nne haina siri kubwa hapa Dar es Salaam. Watu huibonyeza kwa wakala huku foleni nzima ikichungulia, humtajia mpwa awasaidie kutuma hela, na wengi huweka mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo wanaotaka akaunti za benki kwenye simu zifunguliwe kwa uso wana hoja nzito. Simu ikikwapuliwa Kariakoo, mwizi anabaki na simu tu. Na mzee asiyeona vizuri herufi ndogo hupata nafuu.

Ila mifumo hii haifanani. Face ID ya Apple, iliyoanza 2017, hupima umbo la uso kwa miale isiyoonekana, na kumbukumbu hubaki ndani ya simu. Benki huambiwa tu kwamba ni mwenyewe. Simu nyingi za bei nafuu hutegemea kamera ya kawaida, na baadhi zimeshafunguliwa kwa picha tu. Kisha kuna benki kuchukua sura yako na kuihifadhi kwenye seva zake, yaani kompyuta zake kuu. Hapo ndipo nina wasiwasi wa kweli. Namba ya siri ikivuja unaibadilisha siku hiyohiyo. Uso utaubadilisha vipi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za kibayometriki, yaani za mwili kama uso na alama za vidole, katika kundi la taarifa nyeti, na ni sawa kabisa.

Lipo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua sura. Makosa ya kumkubali mtu asiye mwenyewe yalikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Maana yake, ndugu mnayefanana naye anaweza kufunguliwa akaunti yako.

Na utapeli wetu mwingi hauvunji mlango. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" humfanya mwenye akaunti afungue kwa uso wake halisi na kutuma mwenyewe.

Mimi nakubali uso uongezwe juu ya namba ya siri, ubaki ndani ya simu, na asiyetaka asilazimishwe. Benki inayotaka kuuhifadhi kwake ianze kwa kutangaza programu yake ilikosea mara ngapi ilipojaribiwa kwa nyuso za Watanzania.