Jabali Sina Ugomvi Nalo

Shule zikifungwa Juni, watoto wa kaka yangu wanaanza: "Shangazi, likizo hii tunakwenda wapi?" Nauli ya watu sita kwenda pwani na kurudi hatuna, kwa hiyo likizo tunaila hapa hapa Dodoma. Wala sioni kama tumepungukiwa. Juni na Julai mji wetu unapendeza: mvua zimekwisha, tope hakuna, jua halichomi, ingawa upepo wa jioni unataka sweta. Ila natumia kiti mwendo, mwaka wa tisa sasa, na kabla sijawajibu watoto inabidi nipige simu.

Simu zenyewe zinafanana. "Kaka, hapo mlangoni kuna ngazi ngapi?" Kimya kidogo, halafu: "Chache tu, dada. Usijali, vijana wapo, watakubeba."

Anasema kwa moyo mweupe kabisa, nami moyo unanishuka. Kubebwa ni mikono ya watu usiowajua kwapani, gauni linapanda, meza nzima zinageuka kutazama, na kijana mmoja anaanza kunyanyua kabla mwenzake hajashika vizuri. Nimewahi kuangushwa hivyo. Na ukishaingia, hutoki mpaka vijana wapatikane tena. Kama wamekwenda kula, unawasubiri. Mimi ni mtu mzima mwenye pesa yangu ya chakula, nataka kuingia kwa saa yangu na kutoka kwa saa yangu.

Watu wakisikia hivi hunijibu kwamba mazingira ya Dodoma ni magumu, mawe matupu. Hapo ndipo tunapoachana. Mawe nayajua. Kule Kolo, Kondoa, kuna michoro ya kale ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na kuifikia ni kupanda mlima. Sidai mlima ukatwe kwa ajili yangu, wala simwombi mtu aniweke mgongoni. Ningefurahi picha kubwa na video zikiwekwa chini, mahali tambarare, ili watoto wakipanda na muongozaji nami niwe na cha kutazama na cha kuwauliza wakishuka. Mlima wa Simba vilevile nautazama kutoka mjini, nao ni mzuri ukitazamwa. Jabali sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na ngazi ya sentimita 15 iliyojengwa mwaka jana na fundi, juu ya kiwanja tambarare, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia asijenge.

Hesabu yake si ngumu. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180, yaani mita moja na sentimita themanini. Mifuko michache ya saruji inatosha. Tatizo ni kwamba miteremko mingi ninayoiona mjini ilijengwa ya kuingizia pikipiki ndani usiku, imesimama kama ukuta. Nikiipanda peke yangu nitaanguka chali.

Sasa niseme tunakokwenda. Nyerere Square ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ipo katikati ya mji, ni tambarare na imesakafiwa. Saa kumi na moja jioni nasukuma mwenyewe, watoto wanakimbia, karanga zinanunuliwa. Kiti changu kinakunjika, hivyo bajaji moja inatosha kunifikisha, mradi dereva akubali kukifunga vizuri nyuma.

Jumamosi nyingine tunakwenda mnadani Msalato kula nyama choma. Hapo sakafu hakuna, ni udongo na mchanga, na magurudumu madogo ya mbele yanazama. Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyezama, "idodomya" yaani amezama, nami kila nikifika Msalato namkumbuka yule tembo. Dawa yake: kiti kigeuzwe, kivutwe kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili anaweza. Na kama tairi zako ni za upepo, beba pampu na kiraka, mbigili za huku hazina huruma. Msalato naisamehe kwa sababu ni mnada, ng'ombe wanapita pale. Agosti tunakwenda Nanenane Nzuguni, ila asubuhi, kabla umati haujajaa, kwa maana mchana mimi huona migongo ya watu tu.

Lakini lililo zito kuliko yote ni choo. Watu hawaliulizi, na sisi tunaona haya kulisema. Mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti, na ukipita unakuta ni cha kuchuchumaa, bila hata bomba la kushika. Basi tunafanyaje? Hatunywi maji. Tangu asubuhi, siku ya matembezi, katika mji mkavu kama huu, mtu anajizuia maji ili asije akahitaji choo. Nimefanya hivyo miaka mingi, nimerudi nyumbani na kichwa kinagonga, na daktari amenigombeza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na inazungumzia majengo ya umma kufikika. Ningependa wanaoikagua waanzie chooni kabla hawajatazama lango.

Mwezi uliopita nilipigia mgahawa mmoja mtaani kwetu. Aliyepokea alikuwa mama mwenye mgahawa mwenyewe. Hakusema vijana wapo. Aliniuliza, "Kiti chako kina upana gani, mwanangu?" Nikamwambia sentimita 65. Baada ya wiki mbili alinipigia: fundi amemaliza mteremko, mlango wa choo umepanuliwa, na bomba la kushikilia limefungwa ukutani. Tulikwenda, niliingia mwenyewe, niliuona mlango ule kwa macho yangu. Jumamosi tunarudi watu sita. Asubuhi yake nitakunywa chai vikombe viwili na maji juu yake.